Herufi Saba za Baba Mkwe

Baba mkwe wangu hajawahi kunishika mkono, na akinishika leo watu wa Machochwe watasema dunia imekwisha. Kwetu Wakurya, mke wa mtoto na baba wa mume wana heshima yao. Hatukai benchi moja, hatuli tukitazamana, na chakula chake nikipika mimi anakipeleka mtoto. Tukikutana kwenye njia nyembamba mimi naingia majanini, na yeye anajifanya kutazama ng'ombe wa watu kule mlimani hata kama mlima mzima hauna ng'ombe. Nilipoolewa nilidhani ananichukia. Mama mkwe, wakati huo yu hai, alinicheka mpaka akashika mbavu. "Huyo anakupenda," aliniambia. "Asingekupenda angekusalimia kwa karibu."

Kwa hiyo mtu akisikia kwamba mimi na mzee huyo tunaandikiana kila asubuhi, na kwamba tumefanya hivyo miaka kadhaa, anaweza kuweka mkono mdomoni. Atulie. Tunachoandikiana ni herufi.

Mzee alifundisha Kiingereza shule ya msingi mpaka akastaafu, na kustaafu kulimkuta hajamaliza kufundisha. Akachukua boksi la sabuni, akalikata vipande vidogo vya mraba, juu ya kila kipande akaandika herufi moja kwa kalamu ya wino mzito, akavitia vyote kwenye kopo la maziwa ya unga. Kila asubuhi akishakunywa uji anaingiza mkono koponi bila kutazama na kutoa herufi saba. Anazipanga mezani, kisha anaziandika kwenye kile kisimu chake cha batani na kuzituma kwangu Tarime. Kazi yangu ni kutafuta maneno ya Kiingereza yanayoweza kutoka kwenye herufi hizo. Herufi ya kwanza lazima iwemo. Natuma neno langu refu kuliko yote, naye anatuma lake, mwenye refu ameshinda. Neno likishatumika kwa herufi hizo halirudiwi, hata tukicheza raundi ya pili. Jioni zinarudi koponi, kesho zinatoka nyingine.

Sikuchaguliwa mimi kwa mchezo huo. Alianza nao kwa binti yangu mkubwa, kupitia simu yangu, ili mtoto asiharibu Kiingereza chake likizoni. Binti akaenda bweni. Jumatatu iliyofuata, nikiwa dukani nampimia mtu sukari, ujumbe ukaingia kama kawaida, herufi saba. Nikafikiri mzee amepitiwa. Hakuwa amepitiwa, wakati ule alikuwa na akili kali kuliko sisi wote. Mama mkwe alikuwa ametutoka mwaka huo, na nyumba yake ilikuwa imenyamaza. Nikatafuta kajineno, nadhani kalikuwa ka herufi tatu, nikakatuma. Akajibu: "Ahsante mama. Nilijua kuna mtu upande huo."

Niliusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya mume wangu. Tangu mazishi sikuwa nimempa yule mzee hata pole ya maana, maana ningeipitishia wapi? Simu haina macho. Kwenye simu nilikuwa naweza kukaa naye benchi moja.

Tatizo ni Kiingereza changu. Kidato cha nne nilipata alama ambayo hata mama yangu mzazi hakuambiwa. Miezi ya kwanza nilituma maneno ya kitoto, yale ya paka na kofia, na mzee akawa ananishinda kwa upole, ananifafanulia neno lake, ananitia moyo. Ningeendelea hivyo, pengine leo ningekuwa najua kitu. Lakini asubuhi moja herufi zilikuwa mbaya, duka limejaa watu wanaotaka unga, mafuta ya kupima, vocha, na kuna mama mmoja ananigombeza kwamba mizani yangu inaegemea upande wangu. Kwa hasira nikaiandikia simu swali kama unavyomuuliza jirani: maneno ya Kiingereza yenye herufi hizi. Ukafunguka ukurasa una kisanduku. Nikajaza herufi za mzee. Maneno yakamwagika kama mahindi kwenye gunia lililotoboka, marefu juu, mafupi chini. Nikaokota la juu kabisa, nikalituma bila kujua hata linasomwaje, nikaendelea kupima unga.

Jibu lilichelewa. Lilipokuja lilisema: "Mama, nimesimama."

Alikuwa amesimama kweli. Mke wa shemeji yangu mdogo, wanaoishi naye boma moja, alinihadithia baadaye kwamba mzee alitoka nje na simu mkononi, akasimama wima uani kama wimbo wa taifa unapigwa.

Ningeishia hapo siku hiyohiyo. Ningeandika, baba, hilo si langu, ni la mashine. Badala yake kesho yake nilifungua ule ukurasa kabla hata ya kufungua duka. Sifa ni tamu, asikudanganye mtu, na mimi nilikuwa sijawahi kusifiwa kwa jambo la shule. Nikawa nayachagua maneno: leo la juu, kesho nashuka kidogo nishindwe ili asishtuke, keshokutwa nampiga tena. Nilimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na chupa za mafuta dukani kwangu hazikosekani.

Naye akatangaza. Pasaka moja tulikwenda Machochwe, na kanisani alipopewa nafasi ya kushukuru alisimama akamshukuru Mungu kwa mvua, kwa tembo kutokuingia shambani mwaka huo, na kwa mke wa mwanawe aliye na kamusi kichwani. Watu wakageuka kunitazama. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa wanawake, natazama viatu vyangu. Jirani yangu akaninong'oneza, "Kumbe wewe msomi, unatuuzia chumvi tu." Nikacheka naye.

Basi, herufi ninazotaka kuzisimulia ni hizi: T, D, A, R, I, N, E. Zilikuja kabla ya watu kuanza kulima. Mzee siku hiyo alinitangulia. Akatuma "trained", neno limemaliza herufi zote saba, nami nikaona raha aliyokuwa nayo. Ningemwachia. Sikumwachia. Mashine ikanipa "detrain", nalo lina herufi zote saba. Nililitafutia maana: kushuka kwenye treni. Mzee akaandika: "Tumelingana. Lakini mama, mkoa mzima huu wa Mara hakuna treni ya kushuka." Nilicheka mpaka mteja akadai nimwambie kichekesho.

Kesho yake ujumbe ukaingia: T, D, A, R, I, N, E.

Nikadhani ameutuma tena ujumbe wa jana kwa makosa. Hivi visimu vya batani vina mambo yake. Nikakaa kidogo, kisha nikatuma "tirade". Akajibu kwa "trained". Halikuwa kosa la batani basi. Alikuwa amesahau kwamba neno hilo ni la jana, yeye mwenyewe aliyeweka sheria ya kutorudia, mtu aliyewahi kuninyang'anya ushindi kwa sababu nilirudia neno la asubuhi jioni yake.

Siku ya tatu zilezile. Wiki nzima zilezile. Na mimi kila siku nikatuma neno jipya: "ardent", "retina", "tinder". Hazina ya mashine ile haikauki upesi. Mtu anayetumia kichwa chake angeshakwama siku ya pili au ya tatu na kulazimika kusema, baba, hizi zimekwisha, toa nyingine. Mimi sikukwama. Asubuhi baada ya asubuhi nilimpa neno ambalo hajaliona, naye akaniandikia hongera, na kati yetu wawili hakuna aliyeonekana amesahau kitu.

Maneno yake yakaanza kufupika. "Trained" likawa "train". "Train" likawa "tin". Baadaye akaacha kutuma neno, akawa anaandika "Nzuri sana mama" na basi.

Nilijiambia mengi. Nilijiambia kwamba mtu hamwambii baba mkwe wake kuwa amesahau. Mimi hata kumwambia shati lake limekosewa vifungo siwezi. Ningemwambiaje kichwa chake kimekosewa vifungo? Mume wangu ni dereva wa lori, siku nyingi yuko njiani, na nikimwambia kwa simu kwamba baba yake anachanganyikiwa ataniuliza nimejuaje. Nilijiambia pia kwamba mke wa mtoto anayesema mzee hana akili, watu husema anawahesabu ng'ombe wa urithi. Hayo yote ni ya kweli. Lakini chini yake kulikuwa na jingine, nalo nalisema hapa wazi: nikisema, mchezo unakwisha, na mchezo ukifunuliwa na mimi nafunuliwa. Nilipenda kuwa yule mwenye kamusi kichwani. Nilimwacha mzee wa watu apotee ili nisipungue mimi.

Kabla ya mavuno nilikwenda Machochwe kumsaidia mke wa shemeji kufagia na kupaka kuta kwa ajili ya ugeni. Mzee alikuwa nje chini ya ukuta wa zizi na wazee wa rika lake, anawasimulia kwa Kikurya habari za tembo aliyekula mahindi ya jirani akaacha ya kwake. Alikuwa anasimulia vizuri, hasahau mahali, anaiga mlio wa tembo na mlio wa jirani, wazee wanajipiga mapaja. Nilisimama dirishani nikisikiliza, moyo ukanitulia. Nikasema, huyu mzima. Kisha nikageuka kufagia sebule yake.

Mezani kulikuwa na herufi saba zimepangwa kwa mstari. Zilikuwa na vumbi. Kikombe cha uji kilikuwa kimewekwa juu ya R siku nyingi hata kikaacha duara. Kopo lilikuwa pembeni, kifuniko kimebana. Mzee hakuwa anatoa herufi tena. Alikuwa anaamka, anakunywa uji, anazikuta mezani, anadhani amezitoa asubuhi hiyo, ananitumia.

Nikaelewa pale kwa nini boma zima halijaona kitu. Kwa Kikurya alikuwa bado yupo mzima. Kiingereza alikipata ukubwani, kwa viboko na kwa taa ya kibatari, na kilichoingia mwisho kilikuwa kimeanza kutoka kwanza. Hapo bomani hakuna anayezungumza naye Kiingereza. Mtu pekee aliyekuwa anakitazama Kiingereza chake kikiondoka ni mimi.

Ningezirudisha koponi. Ningemwita mke wa shemeji nikamwonyesha. Nilipangusa meza kuzizunguka, kwa uangalifu mkubwa, nisiisogeze hata moja. Jioni nikapanda gari kurudi Tarime, na asubuhi ujumbe ukaingia, T, D, A, R, I, N, E, nami nikafungua ule ukurasa.

Mavuno yalipokwisha shemeji akapiga simu. Wachunga ng'ombe walikuwa wamemkuta mzee mchana kweupe, karibu kabisa na mpaka wa hifadhi, pale tembo wanapopita. Amevaa koti lake la ualimu, mfukoni ana chaki. Wakamwamkia, "Shikamoo mwalimu, unaelekea wapi?" Akawaambia anakwenda shuleni kusahihisha mitihani, amechelewa. Shule iko upande mwingine wa kijiji, na ana miaka mingi hajaingia darasani. Wakamrudisha nyumbani taratibu, wanamtania njia nzima asione aibu.

Kesho yake wakamleta hospitali huku Tarime. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ameolewa ng'ambo, Isebania, akavuka mpaka asubuhi na mapema. Mimi nilikoroga uji wa ulezi, ukaganda, nikaurudia, nikautia kwenye chupa ya chai nikaenda. Mzee, shemeji na wifi waliingia kwa daktari. Mimi nikakaa nje kwenye benchi, chupa mapajani, maana chumba ni kidogo na ndani kuna baba mkwe. Mlango haukufungwa, uliwekwa pazia tu. Nilisikia kila kitu.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya pole. Akauliza, "Hali hii imeanza lini?"

"Juzi, daktari," akasema shemeji. "Kabla ya hapo alikuwa mzima kabisa. Anakula, anapiga stori."

"Mimi huongea na yeye kila Sunday kwa simu," wifi akasema. "Hakuna kitu. Alikuwa tu sawa."

"Haikuanza pole pole? Kusahau, kurudia jambo, kushindwa kitu alichozoea? Fikirini vizuri. Ikiwa imekuja ghafla, natafuta kitu kimoja. Ikiwa imekuja taratibu, natafuta kingine."

Wote wakasema imekuja ghafla. Niliikumbatia ile chupa. Nilikuwa na jibu la daktari, na miguu yangu haikunyanyuka.

Ndipo daktari akamgeukia mgonjwa mwenyewe. "Mzee wangu, wewe umeona jambo lolote ulilokuwa unaliweza, sasa linakushinda?"

"Liko moja," mzee akasema. Alikuwa anazungumza Kiswahili chake kile cha mwalimu, kila neno limesimama peke yake. "Maneno ya Kiingereza. Nayatafuta, siyaoni."

"Tangu lini?"

"Lakini huo si ugonjwa, daktari. Hata mimi nilidhani ni ugonjwa. Nilitaka kuja hapa, nilisema labda kichwa kinaniacha. Nikajipima." Akacheka kidogo. "Ninaye mke wa mwanangu, yupo hapa Tarime. Tunashindana kila asubuhi. Nikaona kila siku anatoa neno ambalo mimi silioni kabisa. Basi nikajua si mimi niliyerudi nyuma. Ni yeye amekwenda mbele. Mwalimu akizidiwa namna hiyo anashukuru, haendi hospitali."

Alikuwa ameliona mwenyewe. Alitaka kuja. Akanitumia mimi kama mizani, na mizani yangu ilikuwa inaegemea upande wangu, kama alivyosema yule mama wa dukani.

Nilipiga moyo konde, nikasogeza pazia kidogo bila kuingiza uso, nikaita, "Wifi, njoo."

Akatoka. Nikamweleza pale ukutani, kwa haraka, habari za herufi zilezile, neno lilelile, meza yenye vumbi. Wifi yangu ni mtu wa kicheko, lakini niliona uso wake ukibadilika kadiri ninavyosema.

"Tangu lini?"

"Kabla ya kulima."

"Kabla ya kulima! Na sasa watu wamevuna! Na ukanyamaza tu hivyo?"

"Ningesemaje, wifi? Ni baba mkwe."

"Wacha hiyo maneno," akasema, na hakupaza sauti, ingekuwa nafuu angepaza. "Ungeniambia mimi. Mimi si mkwe wake. Mimi ni msichana wake."

Heshima ya ukwe haijawahi kumwambia mtu anyamaze. Inamwambia apitishe neno kwa mwingine, kwa mtoto, kwa dada wa mume, kwa shangazi. Ndiyo maana watu hao wapo. Mimi nilikuwa na namba ya wifi kwenye simu hiyohiyo niliyokuwa natafutia maneno. Niliijua njia, nikasimama nyuma ya mila kama mtu anayejificha mvua kwenye nyumba ya mwenzake. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote juu ya mtu anayeficha maradhi ya mwingine.

Wifi akarudi ndani akamweleza daktari. Vipimo vikaonyesha presha ya siku nyingi, na daktari akaeleza kwamba mishipa midogo ya kichwani imekuwa ikiziba mmoja mmoja. "Kilichokwenda hakirudi," akasema. "Dawa ni za kushikilia kilichobaki. Mngemleta kabla ya kulima tungeshikilia kikubwa zaidi." Hakusema kwa lawama. Alikuwa anajaza cheti.

Kuna kitu sikumwambia wifi ukutani pale. Nilimwambia habari za herufi. Habari za mashine sikumwambia. Kwa hiyo alipotoka kwa daktari, macho mekundu, alinishika bega akasema pamoja na yote ahsante, kama si mimi na Kiingereza changu hata hilo lisingejulikana. Nikapokea hiyo ahsante nayo. Nikamtilia uji.

Kwangu mzee hawezi kulala, nyumba ya mke wa mwanawe, kwa hiyo hata kuwa karibu na hospitali nilishindwa kumpa. Alirudi Machochwe na dawa zake. Mke wa shemeji anampa kidonge baada ya uji, na kila jioni anakusanya herufi mezani anazitia koponi. Ndilo jambo lililohitajika, mtu wa kuzirudisha koponi. Herufi zikaanza kuja mpya tena. Siku nyingine zinakuja sita, siku nyingine hazifiki, siku nyingine zinakuja na salamu kwa mama mkwe, marehemu, kama vile yuko huku kwangu anatembea.

Nami niliendelea kujibu kwa mashine. Nilisema ni kwa ajili yake, asikate tamaa. Uongo una adabu zake, huvaa nguo za huruma.

Halafu juzi nimeamka nimechoka na nafsi yangu. Herufi zikaingia: O, S, A, P, N, I, R. Nikaiweka simu kifudifudi juu ya mizani. Nikachukua penseli na kipande cha karatasi ya kufungia, nikaziandika, nikaanza kuzigeuza kwa kichwa changu hiki. Watu walinunua, wakaondoka. Mmoja aliniuliza kama naumwa jino. Kwa muda mrefu hakikutoka kitu cha maana, nikamkumbuka mzee mezani kwake akiyatafuta bila kuyaona. Mwishoni nikainua macho, nikakutana na rafu ya sabuni, nikaliona. Nikatuma: "soap". Herufi nne. Lilikuwa neno langu la kwanza la halali baada ya miaka, nami nikatazama huku na huku kama nimeiba.

Hakujibu. Nikasema ni siku yake mbaya, au ameudhika, au amelala. Niliendelea na duka.

Kabla ya mchana mume wangu akapiga simu akiwa njiani, ngurumo ya lori nyuma yake, sauti imempanda. "Uko sawa? Uko wapi? Umekaa au umesimama?"

"Niko dukani. Kuna nini?"

"Mzee amenipigia. Amepiga mwenyewe, amelia kwenye simu. Anasema umetuma neno fupi. Anasema tangu ulipoanza kumshinda hujawahi kutuma neno fupi namna hiyo, lazima kichwa kinakuuma, au ni presha kama yake. Anasema nisingoje hata kesho, nikupeleke kwa yule daktari leo. Ameniambia, 'Wewe uko mbali huoni, mimi ndiye ninayeona. Nisiposema mimi nani atasema?' Sasa niambie, una nini?"

Mzee huyo asubuhi hiyohiyo, nilikuja kusikia, alikuwa amemwita shemeji kwa jina la kaka yake yeye mwenyewe mzee, aliyekufa zamani. Lakini neno langu moja fupi aliliona, na hakungoja hata chai, akatafuta mtu wa kumpitishia habari.

Nilimwambia mume wangu mimi ni mzima. Nikamwambia atafute mahali aegeshe lori, azime injini, kisha nikaanza kumweleza habari za mashine.